Ubao wa Vigingi na Ngoma ya Shija

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti wala meza. Afisa Pamba wa Wilaya alinipokea mlangoni pale Magu, akaitikia shikamoo yangu kwa kichwa tu, kisha akaniwekea mkononi kipande cha ubao chenye safu za matundu na vijiti vilivyofungwa kwa uzi. Nilidhani ni mchezo wa watoto.

"Binti, unakijua hiki?"

"Hapana, mzee."

"Chuoni mlikuwa mnasoma nini basi?"

Chuoni tulisoma wadudu kwa majina marefu na picha za rangi. Wenzangu wawili walipangiwa mashamba ya shayiri huko kaskazini kwenye baridi, wakawa wanahesabu vidukari kwenye masuke na kulala kwenye nyumba za matofali zenye bomba la maji ndani. Niliwaonea wivu tangu siku majina yalipobandikwa. Mniwie radhi mapema, nyie maafisa ugani vijana mlioniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Kazi ile siwezi kuieleza bila kumtaja Shija, na Shija siwezi kumtaja nikiwa nimetulia.

Nianze na ubao. Uliitwa ubao wa vigingi. Safu moja ni ya mimea: kila mmea unaoukagua, unasogeza kigingi tundu moja. Safu nyingine ni ya funza wa vitumba, yule anayetoboa tunda la pamba na kulila kutokea ndani. Ukimwona funza, unasogeza kigingi chake. Kwenye safu ya funza kuna mstari mwekundu. Ukimaliza mimea yako na kigingi cha funza hakijafika kwenye mstari, unafunga bomba lako la kupulizia unarudi nyumbani. Kikifika, unapulizia. Huhitaji kujua kusoma wala kuandika. Nyie leo mnampiga picha funza kwa simu na simu inawatajia jina lake. Haya, hongereni.

Afisa Pamba alinipeleka shambani siku ileile na viatu vyangu vya chuo. Alinifundisha kuingia kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, ili usiukague mstari mmoja tu wa kando ya njia. Alinifundisha kuanzia kilele cha mmea, ambako nondo hutaga mayai meupe madogo kuliko chembe ya chumvi, kisha kushuka kwenye maua na vitumba na kutafuta tundu lenye kinyesi kibichi. Kinyesi kikiwa kikavu, mwenye nyumba amehama. Na lazima uwahi asubuhi, kwa maana jua likikolea funza huingia ndani ya kitumba na wewe unabaki kuhesabu majani.

"Mkulima anayepulizia kwa kufuata kalenda anawalisha wauza dawa," aliniambia. "Na anaua marafiki zake."

Marafiki ni vile vidudu vya mviringo, vyekundu, vyenye madoa meusi mgongoni, pamoja na watoto wao wabaya wa sura wanaofanana na mamba wadogo. Hao ndio wanaowala wadudu mafuta. Wadudu mafuta ni vidukari wa pamba. Wakulima waliwaita hivyo kwa sababu wakishambulia, jani linang'aa kama limepakwa mafuta ya kula. Ukiwaua marafiki, umewaachia wadudu mafuta nyumba na ufunguo.

Nikapangiwa kijiji cha chini, kando ya ziwa. Mimi ni Mjita, nimetoka pwani ya Mara, na wakulima wangu walikuwa Wasukuma. Nilijua kusema "mwangaluka" asubuhi na baada ya hapo nilirudi kwenye Kiswahili. Waliniheshimu. Walinipa kiti, walinipa maziwa ya mgando, walinisikiliza. Baada ya misimu michache kila kaya ilikuwa na ubao wake umening'inizwa kwenye ukuta wa jikoni, na vigingi vyangu havikusema uongo. Nilijua shamba la nani lina chawa jani na la nani lina utitiri. Nikajiambia, Perpetua, hawa sasa ni watu wako.

Ndipo akaja Shija.

Alipangiwa kijiji cha juu, ng'ambo ya kijito. Mtu mfupi, mwenye mwanya, anayetembea kama amechelewa harusini. Msukuma wa hukohuko. Alipofika hakuweza kutofautisha chawa jani na kidukari mchanga. Nilimfundisha mimi. Nilimwambia, "Shija, gusa jani. Anayekimbia kiubavuubavu kama kaa ndiye chawa jani. Aliyekaa tu ananyonya ndiye kidukari." Akacheka, akasema, "Dada Perpetua, hiyo ni ngoma kabisa!"

Sikuelewa alichomaanisha mpaka mvua zilipokolea.

Bwana yule aliwatungia wadudu nyimbo. Kila mdudu beti lake, kila beti na mchezo wake, kwa Kisukuma kitupu. Kwenye beti la chawa jani watu wanakimbia kiubavu. Kwenye beti la funza mtu anachuchumaa na kujifanya anaingia ndani ya kitumba, wenzake wanamvuta miguu. Na kangambili! Kangambili ni wale wadudu wekundu wanaochafua nyuzi za pamba, na kama mmewaona, mnajua hutembea wawili wawili wakiwa wameunganishwa nyuma kwa nyuma, hata mume akienda mbele mke anaenda kinyumenyume. Shija aliwachezesha wazee wa watu hivyohivyo, mgongo kwa mgongo. Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini kwenye matuta.

Kisha walikuwa wakiingia shambani kwa mstari, ngoma ndogo mbele, ubao mkononi, wakikagua huku wanaimba. Nilisikia ngoma ile kutoka upande wangu wa kijito kila asubuhi. Iliniuma, nawaambia kweli. Sikuwa na hasira naye. Hasira ingekuwa na heshima zaidi. Ulikuwa wivu, ule wa mtoto anayetazama mwenzake akibebwa.

Wakulima wangu mwenyewe wakaanza kuvuka kijito kwenda kutazama. Mama mmoja, Mama Kulwa, ambaye nilimpenda kuliko wote na ambaye ubao wake ulikuwa safi kama sahani, aliniuliza siku moja, "Mama, mbona sisi tunahesabu kimyakimya kama tunaiba?"

Nilijaribu na mimi, msinicheke. Nilichukua tuni ya wimbo wa kanisani, nikatia maneno ya funza wa vitumba. Waliniitikia kwa adabu, kama watu waliokuja kutoa pole. Sikurudia tena.

Msimu uliofuata Afisa Pamba alituita ofisini sote wawili. Alisema watumishi ni wachache, kwa hiyo baada ya mavuno vijiji vyote viwili vitawekwa chini ya mmoja wetu, na mwingine atahamia ofisi ya mkoa, Mwanza mjini. Aliahidi kutazama pamba itakavyotoka na wananchi watakavyosema. Wenzangu wengi wangefurahia kwenda mjini. Mimi sikuutaka mji. Niliwataka watu wale, wa chini na wa juu, nikawataka zaidi kwa sababu walikuwa wakimtaka Shija. Yeye alinishika mkono, akasema, "Dada, mshindi atamchinjia mwenzake kuku." Nilimwambia sili kuku wa bahati nasibu.

Sasa sikilizeni kosa lilivyotokea, maana ni kosa ambalo lisingetokea kwenye shayiri wala kwenye kitabu chochote. Usukumani wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili tangu mababu, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno hushindana uwanja mmoja, muda mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Mtu anaweza kukubali kushindwa kesi ya ng'ombe, lakini kushindwa ngoma, hapana. Shija akaona hiyo ni nguvu ya bure. Akagawa wakaguzi wake pande mbili, Wagika mashamba ya mashariki, Wagalu ya magharibi, akatangaza kwamba upande utakaokamata funza wengi zaidi ndio utakaopigiwa vigelegele siku ya mnada.

Mmekwisha kuona linakokwenda?

Siku zile mbao za kijiji cha juu zilijaa ajabu. Kila ubao, kigingi kimevuka mstari mwekundu. Mabomba yakatoka, watu wakapulizia, wakarudi kukagua, mstari ukavukwa tena, wakapulizia tena. Afisa Pamba akanituma nikaangalie, kwa maana kijiji changu cha chini, umbali wa kuitana tu, kilikuwa shwari. Nilivuka kijito alfajiri kabla ngoma haijaanza. Nikaingia kwa mshazari, shamba hadi shamba. Funza walikuwepo wa kawaida tu. Nikajibanza kwenye kivuli cha ghala, nikangoja wakaguzi.

Wakaja wakiimba. Nikamwona kijana wa Wagalu anasogeza kigingi kwa funza aliyekufa juzi. Mwingine alisogeza kwa tundu tupu. Nikamwona mzee mzima wa Wagika, mjumbe wa kamati ya kanisa, akifungua kiberiti na kumpandisha funza mzima kwenye ua la pamba, kisha akapiga yowe, "Nimempata!" na wenzake wakaitikia kwa beti. Baadaye nilikuja kujua kwamba funza alikuwa amebebwa kutoka shamba la kijiji kingine. Lo! Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijaona tena mkulima anayemsafirisha funza kwenda kwake.

Nikageuza jani. Hakukuwa na kidudu chekundu hata kimoja, hakukuwa na mamba mdogo hata mmoja. Dawa imewamaliza. Na chini ya jani wadudu mafuta wamejipanga bega kwa bega, jani linang'aa, ute unadondoka kwenye vitumba vilivyoanza kupasuka. Ute ule ukikauka kwenye nyuzi, pamba inanata, na pamba inayonata, chama cha msingi kinachonunua mavuno kinaitupa daraja la pili bila mjadala.

Niliumia kwa ajili ya pamba. Lakini sikuumia tu. Nilirudi Magu nikiwa mwepesi kama nimevua mzigo kichwani, nikamweleza Afisa Pamba yote, hata kiberiti, na nilieleza vizuri.

"Una hakika?" aliuliza.

"Twende ukaone, mzee. Shija ameua marafiki wote."

Ukaitishwa mkutano wa kijiji cha juu. Afisa Pamba alinipa nafasi ya kwanza. Nilieleza kwa utaratibu: dawa, marafiki, wadudu mafuta, daraja la pili. Nilieleza kwamba kilichobaki ni kufunga mabomba kabisa, hata ukiona funza wachache, mpaka vidudu vyekundu virudi kutoka mashamba ya kwetu kijiji cha chini. Watu walinisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Nilikaa chini nikijua kazi imekwisha.

Shija akasimama. Hakujitetea. Alivua kofia, akasema, "Ndugu zangu, ngoma ni yangu, wimbo ni wangu, na kosa ni langu. Niliwaambia mtafute wengi, nanyi mkatafuta wengi. Ningewaambia mtafute simba, leo tungekuwa tumeliwa."

Hapo yule mzee wa kiberiti akaangua kicheko. Kikasambaa. Watu walicheka mkutano mzima, wale ambao nusu saa nyuma walikuwa wanahesabu hasara. Bibi mmoja akasimama, akamnyooshea Shija fimbo yake, akasema, "Wewe mtoto umetutia hasara. Lakini umeicheza pamoja nasi. Kaa hapa hapa, hatutaki mtu mwingine."

Wakampigia makofi. Nawaapia, walimpigia makofi! Mimi sikuwahi kukosea kigingi hata kimoja tangu nilipokabidhiwa ubao, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Huyu ameharibu msimu na anashangiliwa. Nilitazama vidole vyangu mpaka mkutano ukaisha.

Na hakuishia hapo. Alisema kuanzia kesho mashindano yataendelea, ila mshindi ni upande ambao vigingi vyake vitalingana na vya mkaguzi atakayepita nyuma yao. "Na mkaguzi huyo ni Dada Perpetua, maana jicho lake halidanganyiki hata na mjumbe wa kanisa." Watu wakaitikia, ndiyo! Na mimi nitakataaje mbele ya Afisa Pamba?

Basi nikawa refa. Nilipita nyuma ya Wagika, nikapita nyuma ya Wagalu, nikikagua mimea ileile. Nikisema kigingi kimezidi, Wagika wananuna. Nikisema kimepungua, Wagalu wananuna. Watoto wakanipa jina, Mama Lefa, wakaliimba kwa mkia wa wimbo wa Shija. Mnajua refa anavyopendwa. Lakini vigingi vilikuwa vya kweli, mabomba yalikaa kimya, na vidudu vyekundu vikarudi kidogokidogo, kwanza kwenye mashamba ya karibu na kijito. Sehemu kubwa ya pamba ikaokoka, ikaingia daraja la kwanza. Iliyokuwa imepasuka mapema ilinata, ikaenda la pili, na hakuna aliyemkumbusha Shija.

Baada ya mavuno Afisa Pamba aliniita peke yangu.

"Perpetua, nakuhitaji Mwanza. Ofisi ya mkoa inataka mtu asiyekosea."

"Na vijiji, mzee?"

"Nimewauliza wananchi. Wa juu na wa chini."

"Wa chini pia?"

Alipanga vijiti mezani pake, akasema, "Mama Kulwa ndiye aliyesimama kumwombea Shija. Alisema wewe wanakuamini sana."

Kuaminiwa. Nimekaa na neno hilo miaka mingi. Asiyekosea hapewi watu, anapewa ofisi. Nikahamia Mwanza, nikapanga chumba Mabatini nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli, na nikafanya kazi niliyoijua. Maafisa ugani wa kanda nzima waliniletea majani kwenye mifuko, nami niliwaambia ni nani aliyekula. Nimefundisha vijana wengi kushika ubao. Viwavijeshi vamizi walipoingia kwenye mahindi na watu kuchanganyikiwa, nilikuwa wa kwanza ofisini kwetu kuwaonyesha yale madoa manne karibu na mkia. Wakuu wa idara walinipa mkono. Hakuna aliyenitungia hata beti moja.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na soda. Shija alipostaafu, baadaye kidogo, Wagika na Wagalu walikuja wote, wakachinja ng'ombe, wakacheza kangambili mgongo kwa mgongo mpaka vumbi likafunika jua. Nilialikwa. Nyama nilikula. Wivu haukatazi kula.

Sasa naishi Buhongwa, na mwaka huu nilisikia Shija macho yamemwisha, presha ya macho imeyala taratibu. Nikaenda kumwona kwake, nje kidogo ya mji wa Magu. Nilidhani nitamkuta mpweke. Loo, thubutu! Benchi lilikuwa limejaa wakulima, kila mmoja na jani lake. Kipofu analetewa majani, na mimi mwenye macho yanayoona utitiri bila miwani sijaletewa hata jani la mchicha tangu nistaafu.

Nilikaa pembeni nikamtazama. Analipapasa jani kwa kidole gumba. Likinata, anasema wadudu mafuta. Likiwa limejikunja kingo, chawa jani. Wanatikisa vichwa, wanashukuru. Kisha akaja mama mmoja kijana, akampa jani. Shija akalipapasa juu, akalipapasa chini. Akalinusa. Watu wakasubiri.

"Perpetua," akasema, "bado upo?"

"Nipo."

"Hili silipati."

Nilikuwa na jibu kabla sijalishika. Madoa ya rangi ya shaba juu, na chini utando mwembamba kama wa buibui. Utitiri mwekundu, wa shamba lililo kando ya barabara ya vumbi. Nilimwambia yule mama asiipulizie ile dawa ya funza, itaua marafiki na utitiri utaongezeka. Ang'oe mimea ya ukingoni iliyozidiwa, aichome, kisha aje aseme. Nilimweleza mara mbili. Alielewa kila neno. Halafu akapiga magoti, akamshika Shija mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ahsante sana, baba. Mungu akuongezee."

Ule wivu wa zamani ukanirudia. Shija naye anacheka na mwanya wake, mzee mzima, haoni hata uso wangu na bado anajua ulivyo.

"Dada Perpetua," akasema, "nenda kama unataka kwenda."

Nikavuta kigoda karibu na goti lake. Nikamnyooshea mkono mzee aliyefuata kwenye benchi, nikamwambia alete jani lake. Mzee akanitazama, akanipita, akamkabidhi Shija. Shija akalipokea, hakulipapasa hata kidogo, akaniwekea mkononi.